Mwaka wa Maji Baridi Sikioni

Tulimzika Kyalo kwao Ndithini, kwenye shamba lenye mteremko, na mchungaji aliposema tufumbe macho tuombe, mimi niliyaacha yangu wazi. Haukuwa ukaidi. Nikifumba macho nikiwa nimesimama ninaanguka, na imekuwa hivyo tangu nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo nimeshuhudia mengi wakati wa maombi: watoto wakichokozana, wazee wakisinzia, na siku hiyo mjane wa Kyalo, aliyekuwa amefumba macho kwa nguvu kama mtu anayejikinga na vumbi. Sikuwa nimewahi kukutana naye. Watu walipokwenda kwenye hema la chakula alinifuata akiwa na sahani mbili za wali na maharagwe, akanipa moja, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando yangu. "Wewe ndiye Kamene wa masikio?" akauliza. Nikasema ni mimi. "Alikuwa anakutaja miaka yote hii. Lakini mimi sijawahi kuelewa ile hesabu ilikuwa ya kufanya nini." Nilimweleza kwa kifupi, kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni kumpa pole. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba nilikuwa nimemweleza habari za mifereji na maji tu, na sikumwambia lolote kuhusu mume wake alivyokuwa mwaka ule. Acha niseme hapa.

Nilikuwa mwalimu mgeni kabisa katika shule ya msingi upande wa Ekalakala, ndiyo kwanza nimezoea njia ya baiskeli kutoka nyumba yangu ya kupanga hadi darasani, nilipougua. Maambukizi yaliingia kwenye damu. Nilipelekwa hospitalini Machakos mjini nikiwa sijitambui, na kwa majuma kadhaa nilidungwa sindano asubuhi na jioni mpaka mapaja yakawa magumu kama ubao. Nilipona. Watu husahau kwamba nilipona; mimi mwenyewe husahau. Siku ambayo homa iliisha kabisa, muuguzi aliniletea uji, nikaunywa wote, nikashuka kitandani kwenda chooni bila kushikwa. Ukutani kulikuwa na tangazo la kuwakumbusha watu kunawa mikono. Nilipopiga hatua, herufi zikaanza kurukaruka kama zimeandikwa kwenye shuka lililoanikwa penye upepo. Nikasimama, zikatulia. Nikatembea, zikaruka tena. Nikamwambia muuguzi. "Ni udhaifu tu, mwalimu," akasema. "Umelala sana. Enda nyumbani ukule vizuri, itaisha." Niliamini, na kwa nini nisiamini? Kila kitu kingine mwilini mwangu kilikuwa kinaisha, kikohozi, maumivu ya mgongo, jasho la usiku. Niliona hili nalo lingefuata mkondo huohuo.

Dada yangu Mwikali alinichukua nikakae kwake hapo mjini mpaka nipate nguvu. Alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili katika ploti ya wapangaji yenye bomba moja la maji uani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, sare za shule zimetundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, vipande vya kitambaa cha buluu sakafuni. Mimi nililala chumba cha ndani. Tulikula isyo karibu kila siku, mahindi na maharagwe aliyoyachemsha kwenye jiko la makaa tangu alfajiri, na parachichi juu yake, na yeye akinitazama kila kijiko kana kwamba afya ilikuwa inapita hapo mbele ya macho yake. Juma la kwanza nilianguka bafuni. Nilikuwa nimepaka sabuni usoni, nikafumba macho isiniingie, na palepale sikujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Hakuna kilichozunguka. Watu huniuliza kila mara kama ilikuwa kizunguzungu, na siwezi kuwaeleza kwamba ilikuwa kinyume cha kizunguzungu, kwamba hapakuwa na hisia yoyote. Nilisikia tu bega likigonga ukuta. Mwikali alikuja mbio na mkasi mkononi. "Umeteleza?" akauliza. Nikasema ndiyo, nimeteleza, kwa sababu sikuwa na neno lingine.

Nilipoanza kutoka nje, nilitembea nimepanua miguu, nikitazama chini. Jioni ilikuwa mbaya zaidi, maana mwanga ukipungua nami nilipungua. Siku moja, nikiwa nimekaa ndani nyuma ya pazia, niliwasikia majirani wawili wakichota maji bombani. "Ule dada ya Mwikali ni mwalimu kweli?" mmoja akauliza. "Ni mwalimu." "Na anakunywa hivyo? Nimemwona akitoka kanisani, anashika ukuta." "Si eti alikuwa mgonjwa?" "Wote husema hivyo. Mume wangu pia husema ni malaria." Wakacheka kidogo, bila ubaya, kama watu wanaozungumzia mvua. Mwikali naye aliwasikia. Cherehani ilikuwa imesimama. Nilingoja atoke nje awajibu, maana dada yangu si mtu wa kunyamaza, lakini baada ya muda akaanza kukanyaga tena, polepole. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa haamini tena kwamba ingeisha.

Alinipeleka kwa daktari wa masikio, ingawa mimi nilikuwa nasikia vizuri kabisa na nilimwambia hivyo mlangoni. Ndani kulikuwa na mtu mwingine, mwembamba, shati limetoka kwenye suruali upande mmoja. Daktari alisema ni mwalimu wa hisabati katika chuo, anaitwa Kyalo, anafanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu kuhusu mifereji ya usawa ndani ya sikio, na akaniomba ruhusa atazame kipimo. Nikakubali. Nililazwa chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, na daktari akanimiminia maji baridi ndani ya sikio kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akanitazama macho. "Unasikia nini?" "Baridi." "Chumba kinazunguka?" "Hapana, daktari." Akaongeza maji baridi zaidi. Kisha sikio la pili. Mimi nilikuwa nimetulia tuli, na nikiri nilijivuna kidogo. Niliona kwamba nimefaulu. Kyalo akauliza kama na yeye anaweza kufanyiwa, aone tofauti. Maji hayakuwa yamemaliza kuingia alipokamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, macho yake yakawa yanakimbia upande mmoja na kurudi, yanakimbia na kurudi, na daktari akawahi kumletea beseni. Alitapika chai yote ya asubuhi. Nilicheka, Mwikali akacheka. Kyalo alipoinua uso, umelowa jasho, alinitazama mimi, na yeye hakuwa anacheka. "Hivyo ndivyo mtu mwenye afya anatakiwa kuwa," daktari akaniambia, kwa sauti ya chini.

Alitueleza kwamba dawa iliyoniokoa, kwa watu wachache, huharibu vinyweleo vidogo ndani ya sikio vinavyomjulisha mtu kichwa chake kinaelekea wapi. Mwikali akauliza kuna dawa gani ya kuvirudisha. Daktari akasema hakuna. Akauliza tena, kwa maneno mengine, na daktari akajibu tena, kwa maneno mengine. Ndipo Kyalo akaingilia. Alisema, kama mwanafunzi anayeinua mkono akiwa hana hakika na jibu, "Pengine havijafa vyote." Sentensi hiyo tuliishi nayo miezi.

Kyalo alianza kuja kwa Mwikali kila Jumamosi. Mara ya kwanza alileta kipande cha mpira wa kumwagilia bustani alichokikunja duara, akakijaza maji na kuunganisha ncha, na ndani akawa ameweka kiwambo chembamba cha plastiki kama mlango uliofunga njia. Alikizungusha ghafla mezani, kati ya sahani. "Mnaona? Mpira umeenda, lakini maji yamechelewa. Yanabaki nyuma, yanasukuma huu mlango. Mlango ukipinda, vinyweleo vinapinda, ubongo unajua kichwa kimegeuka. Kila sikio liko na mifereji mitatu kama hii, kila mmoja umeelekea upande wake." Mwikali, aliyeacha shule darasa la sita, aliuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mimi: "Sasa wewe hesabu yako ni ya nini, kama daktari anajua haya yote?" Kyalo alifurahi mno. Alisema yule mlango mdogo na yale maji vina mtikisiko wao, kama bembea. Bembea ukiisukuma ovyo haiendi popote. Ukiisukuma kwa wakati wake, hata mtoto anaweza kuipandisha juu. Yeye alikuwa anaandika mlinganyo wa bembea hiyo: uzito wa maji, unato wake, ugumu wa kiwambo, upana wa mfereji. "Maji yako bado yanatembea, Kamene," akaniambia. "Hilo halina shaka. Shida ni kwamba habari haifiki. Kama kumebaki hata vinyweleo vichache, nikipata mtetemo unaofaa, pengine nitaweza kuvifikia."

Juma lililofuata alileta kiti cha ofisi cha kuzunguka, amekibeba kichwani kutoka chuoni. Tulisogeza nguo za watu pembeni. Nilikaa, nikafumba macho, miguu juu, mikono mapajani, Mwikali akirudi kwenye cherehani ili asipoteze muda. Nilingoja. Nikasikia jambo la ajabu: cherehani ilikuwa inatembea. Ilipita upande wangu wa kulia, ikaenda nyuma, ikatokea kushoto, na dada yangu akikanyaga humo humo bila kukosa pigo. "Haya, anza," nikasema. "Nimeshaanza," Kyalo akasema. Nikafumbua macho na kuta zilikuwa zinapita. Kiti kikapunguza mwendo, kikasimama chenyewe. Nimewasimulia watu kisa hiki mara nyingi na hukicheka, nami nimejifunza kucheka nao, lakini siku ile nilitamani kulia na sikuweza hata hilo, kwa sababu nilikuwa najishughulisha kutazama mguu wa meza usitoroke.

Sitaki mtu adhani tulikuwa wajinga. Daktari alikuwa amesema wazi. Lakini chumba chenye mtu anayekuja kila Jumamosi si sawa na chumba asichokuja mtu, na Kyalo alikuja, akala isyo yetu, akasahau koti lake, akarudi kulichukua, akasahau mwavuli. Mwikali alianza kupika muthokoi siku hizo, mahindi yaliyokobolewa ambayo kwa kawaida aliyaweka kwa wageni. Nilimsikia akimwambia jirani yuleyule wa bombani, "Kuna mtu wa chuo anamtibu," na sauti yake ilikuwa imenyooka. Mwalimu mkuu wa shule yangu alinipigia simu kuuliza nitarudi muhula gani, nami nikamwambia ujao. Muhula huo ukaja ukapita, akapiga tena, nikamwambia ujao. Hakunifokea, alisema tu, "Watoto wanakuuliza, mwalimu," na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

Hatimaye Kyalo alisema hesabu imempa mtetemo anaoutaka. Alimwendea fundi wa simu, akapata kile kimota kidogo kinachofanya simu itetemeke, akakifunga kwenye betri. Alijifunga mwenyewe kwanza nyuma ya sikio, kwa kitambaa cha sare. Alisema ameona ukuta ukiinama kidogo, kisha akasema pengine alitaka tu uiname. Kisha zamu yangu. Mwikali ndiye aliyenifunga. Nilifumba macho. Nilisikia mlio kama wa nzi aliyenaswa, na mtekenyo mfupani. Kyalo akanizungusha na kiti. Nilisikiliza kwa mwili mzima, kama unavyosikiliza hatua za mtu unayemngoja, na nikasikia nzi tu. "Ongeza," nikasema. Akaongeza. "Ongeza tena." Akasema haiwezi zaidi ya hapo. Tulirudia Jumamosi tatu au nne, kila mara amebadilisha kitu, na kila mara nilipofumbua macho nilikuta nyuso mbili zimeinama juu yangu zikiniuliza bila kusema.

Kisha akaja siku ya kazi, mchana, bila kiti. Mwikali akampakulia muthokoi wenye vitunguu vya kukaanga, na hakuugusa. "Bwana Kyalo, chakula inapoa." "Asante, dada." Akanigeukia mimi. "Kamene, kuna herufi moja kwenye ule mlinganyo. Inaonyesha vile vinyweleo vinajibu maji yakivisukuma. Kwako mimi nilikuwa nimeiweka ndogo. Ndogo sana, lakini niliiweka." Akasugua paji la uso. "Kwa yale tumeona hapa, siwezi kuendelea kuiweka. Jana nimeandika sifuri." "Halafu?" "Inazidishwa na kila kitu. Mtetemo, maji, kila kitu."

Mimi nilikuwa nimefundisha watoto wa darasa la tatu kuzidisha kwa sifuri. Nilikuwa nimewafanya waimbe. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Lakini Mwikali alitutazama mmoja baada ya mwingine, kijiko cha kupakulia bado mkononi. "Kwa hivyo mnaanza upya?" akauliza. Nje mtu alifungua bomba, maji yakaanza kugonga ndoo tupu, na tulikaa tukisikiliza ndoo ikijaa. "Nilidhani nitaweza kukusaidia," Kyalo akasema hatimaye. "Hesabu iko sawa. Nimeikagua. Iko sawa kabisa." Alisema kama mtu anayeomba radhi, na mimi, niliyekuwa na haki ya kufarijiwa, nikajikuta namwambia ale chakula chake.

Masikio yangu hayakurudi. Nilirudi mimi, mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kwa sababu mwalimu mkuu alikubali nifundishe darasa lililo karibu na ofisi, na niwe natoka kabla ya jua kuzama. Baiskeli nilimpa mtu. Nilijifunza kukaza macho kwenye kitu kimoja cha mbali ninapotembea, na kuzisikiliza nyayo. Wataalamu niliokutana nao miaka ya baadaye waliniambia kwamba hayo ndiyo wangenifundisha. Bado herufi huruka. Sijawahi kusoma bango nikiwa natembea, na watoto wangu wanajua kutonipungia mkono barabarani kwa sababu sitawatambua nyuso mpaka nisimame. Kyalo alimaliza utafiti wake, akahamia chuo kingine, tukawa watu wa salamu za sikukuu. Sijui kama hesabu yake ilimfaa mtu mwingine. Mjane wake hakujua pia.

Ninachotaka ajue ni siku moja ya mwisho wa mwaka ule, kabla sijaondoka kwa Mwikali. Nilitaka viatu vyenye soli nyembamba, maana kwa soli nene nilikuwa sijui ninakanyaga nini, na Kyalo akajitolea kunisindikiza mjini. Tulikawia. Muuzaji alituletea viatu vya kila aina isipokuwa hivyo, na tulipopata, jua lilikuwa limeshazama. Nilisema si neno, njia yote ina taa. Tulikuwa nusu ya njia, mahali ambapo barabara inashuka na mtaro uko wazi pembeni, stima ilipopotea mji mzima. Ilikuwa ghafla kama kuzimwa mimi mwenyewe. Nilijua ninaanguka, sijui upande gani, nikakamata shati lake kwa mikono yote miwili na kifungo kikang'oka.

"Niko hapa," Kyalo akasema. "Nimekushika."

"Twende basi. Unaona?"

"Sioni kitu, Kamene. Sijui mtaro uko wapi. Nikitembea nitakuangusha."

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui," akasema.

Watu walitupita gizani, mmoja akicheka kwenye simu, mwingine akisukuma mkokoteni uliolia magurudumu. Hakunieleza lolote kuhusu mifereji wala maji. Alipanua miguu, akauegemeza mgongo wangu kifuani mwake kama ukuta, na kila nilipoyumba upande mmoja alinirudisha kabla mimi sijajua kwamba nimeondoka. Alikuwa akitetemeka kwa kunizuia; mimi ni mtu mkubwa na yeye alikuwa mwembamba. Nikamwambia tukae chini, barabarani hapohapo. Tukakaa kwenye vumbi, bega kwa bega, viatu vipya vikiwa mapajani mwangu, tukangoja stima irudi.